Je, Viungo vya Mchuzi Huzuia Saratani ya Tezi Dume?

Yasemwa mara nyingi siku hizi, barazani na sokoni, na hata katika vikaratasi vinavyobandikwa juu ya vichupa vya dawa za unga, kwamba mwanamume anayekula kwa wingi manjano, tangawizi, vitunguu saumu na pilipili hatapatwa na saratani ya tezi dume. Wasemao hivyo aghalabu huongeza kwamba jambo hilo limekwisha kuthibitishwa na wanasayansi. Makusudi ya somo hili ni kulipima dai hilo kwa vyombo ambavyo mwanafunzi wa sekondari anavyo tayari: gramu, lita, moli na hesabu ya uwiano. Hatutaanza kwa kulikubali wala kwa kulidharau. Mimea imewahi kutupatia dawa za saratani zenye nguvu. Mathalan vinkristini, inayotumika hospitalini kutibu saratani ya damu ya watoto, hutokana na ua la Madagaska ambalo wengi wetu tumelipanda mbele ya nyumba bila kujua sifa zake. Kwa hiyo kuuliza kama manjano nayo yana faida ya namna hiyo si upuuzi hata kidogo.

Ugonjwa wenyewe

Tezi dume ni kiungo kidogo, kadiri ya ndimu ndogo, kilichopo chini ya kibofu cha mkojo cha mwanamume na kuuzunguka mrija wa mkojo. Kazi yake ni kutoa majimaji yanayochanganyika na mbegu za kiume. Mwanamume akizeeka, tezi hii kwa kawaida hukua na kuubana mrija, ndiyo sababu wazee wengi huamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo. Kukua huko si saratani. Saratani ni jambo jingine: seli chache za tezi huacha kutii utaratibu wa mwili, zikagawanyika pasipo kiasi, na baadaye zikasafiri hadi mifupani, hasa ya mgongo na nyonga.

Katika mwaka 2022 ilikadiriwa kwamba wanaume wapatao milioni 1.47 duniani waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu, na wapatao 397,000 walikufa kwa ajili yake. Tanzania na Kenya ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume, na shida yetu kubwa ni kwamba wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea. Saratani hii huanza kimya, bila maumivu, na inaweza kukaa miaka mingi kabla ya kujionyesha. Basi mtu anayeamini kwamba mchuzi wake umekwisha kumkinga hana sababu ya kwenda kupimwa. Hapo ndipo swali letu linapoacha kuwa la jikoni tu.

Lazima pia tujue kwamba seli za tezi dume hustawishwa na homoni ya kiume, testosteroni. Jambo hilo lilidhihirishwa mwaka 1941 na daktari Charles Huggins huko Chicago, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Mpaka leo matibabu mengi ya ugonjwa uliokwisha kuenea hutegemea kuizuia homoni hiyo.

Dai limetoka wapi?

Chanzo chake cha kwanza ni takwimu za nchi mbalimbali. India, ambako manjano huliwa karibu kila siku, imekuwa ikiandikisha wagonjwa wachache sana wa saratani ya tezi dume kwa kila watu laki moja ikilinganishwa na Marekani. Mtu akiyaona haya mawili pamoja, mara hutoa hukumu: ni manjano! Lakini nchi mbili hutofautiana kwa mambo mengi kuliko kiungo kimoja. Hutofautiana kwa umri wa watu, kwa nasaba, kwa unene, na zaidi ya yote kwa bidii ya kuutafuta ugonjwa. Marekani kipimo cha damu kiitwacho PSA kilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1980, na hesabu ya wagonjwa wapya ikapanda ghafula hata ikafika kilele mwaka 1992, kisha ikashuka. Hatudhani kwamba Wamarekani waliacha kula manjano katika miaka hiyo michache. Kilichobadilika ni kwamba waliokuwa hawatafutwi sasa walitafutwa. Tena, katika visiwa vya Karibi, ambako mchuzi wa bizari ni chakula kinachopendwa, vifo vya saratani ya tezi dume ni miongoni mwa vingi kabisa duniani. Hatusemi kwamba bizari ndiyo inayowaua watu wa huko. Twasema tu kwamba kwa njia hii ya kulinganisha nchi mtu aweza kuthibitisha lolote alipendalo.

Chanzo cha pili ni maabara, na hapa hatuna budi kukaa kidogo.

Manjano ni shina la chini ya ardhi la mmea uitwao Curcuma longa, ulio jamaa ya tangawizi na iliki. (Mahali pengine huitwa binzari, ingawa jina hilo hutumika pia kwa unga wa viungo vilivyochanganywa, anayenunua ni vyema aulize anauziwa kipi.) Rangi yake hutokana hasa na kemikali iitwayo kurkumini, iliyotenganishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1815, na muundo wake ukajulikana mwaka 1910. Fomula yake ni C21H20O6. Watafiti wameitia kurkumini katika vyombo vya kioo vyenye seli za saratani ya tezi dume, na katika majaribio mengi seli hizo zimepunguza kasi ya kugawanyika au zimekufa. Hayo ni kweli. Kundi moja la seli zinazotumika sana, liitwalo LNCaP, lilipatikana mwaka 1977 huko Buffalo, Marekani, kutoka kwa mgonjwa ambaye saratani yake ilikuwa imekwisha kuingia katika tezi za limfu. Mwanafunzi aitie alama sentensi hiyo. Kuua seli ambazo tayari ni za saratani, tena iliyosafiri, ni jaribio la tiba. Kuzuia saratani isianze katika tezi nzima ni swali jingine.

Tupige hesabu

Katika majaribio hayo ya kioo, watafiti kwa kawaida hutumia kurkumini kiasi cha mikromoli 10 hadi 50 katika kila lita. Tuchukue 20 kuwa kipimo chetu. Je, mchuzi waweza kuifikisha damu yetu hapo?

Kijiko kimoja cha chai cha unga wa manjano kina uzito wa gramu 3 hivi. Kurkumini ni kama asilimia 3 ya unga safi, yaani miligramu 90. Chungu kikiliwa na watu sita, kila mmoja hupata miligramu 15. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Tukizigawanya miligramu 15 kwa 5, twapata miligramu 3 katika kila lita. Moli moja ya kurkumini ina uzito wa gramu 368, basi miligramu 3 ni sawa na mikromoli 8. Nane si mbali sana na ishirini! Sahani tatu za mchuzi, na kazi imekwisha.

Hesabu hiyo haina kosa, lakini imechukulia kwamba kila chembe ya kurkumini iliyomezwa hufika katika damu na kukaa humo. Mwili haufanyi hivyo. Kurkumini haiyeyuki katika maji, ndiyo maana wapishi huikaanga kwanza katika mafuta. Sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka na choo. Na ile kidogo inayopenya utumbo hukamatwa na kuta za utumbo na ini, ikabadilishwa kuwa kitu kingine. Mwaka 2001 madaktari wa Taiwan walitangaza matokeo ya kuwapa watu gramu 8 za kurkumini kwa siku na kuwapima damu. Kiasi kikubwa kabisa walichokiona, kwa wastani, kilikuwa mikromoli 1.77 katika lita, saa moja au mbili baada ya kumeza, kisha kikapungua. Hiyo ni miligramu 0.65 kwa lita, au miligramu 3 na robo hivi katika lita 5, kati ya miligramu 8,000 zilizomezwa: chini ya sehemu moja katika 2,400.

Sasa turudie mchuzi wetu kwa uwiano uleule. Miligramu 15 zingeleta katika damu 1.77 × 15 ÷ 8,000, yaani mikromoli 0.0033 kwa lita. Tulihitaji 20. Tumepungukiwa mara 6,000.

Wapishi watatukumbusha, na ni haki yao, kwamba mchuzi una pilipili manga pia. Mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kwamba miligramu 20 za piperini, kemikali inayoipa pilipili manga ukali wake, ziliongeza takriban mara ishirini kiasi cha kurkumini kilichofika katika damu ya watu waliomeza gramu 2. Miligramu 20 za piperini zaweza kupatikana katika chini ya nusu gramu ya pilipili manga, kwa hiyo hicho ni kipimo cha jikoni kabisa. Haya, tuzidishe kwa ishirini. Bado tumepungukiwa mara 300.

Mwanafunzi mwerevu atapinga kwamba huenda kiasi kidogo sana, kikiliwa kila siku kwa miaka thelathini, hufanya kazi ambayo jaribio la siku mbili katika kioo haliwezi kuionyesha. Au kwamba vitu ambavyo ini huifanya kurkumini kuwa ndivyo vyenye nguvu. Pingamizi hilo ni zuri, wala hesabu yetu haiwezi kulivunja. Lakini tazama limetupeleka wapi: sasa hatuwezi tena kulitaja jaribio la kioo kuwa ushahidi. Itatubidi tuwatazame watu wenyewe.

Jaribio la darasani

Kabla ya hapo, mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi jinsi kemikali hii ilivyo na tabia ya kugeuka. Changanya nusu kijiko cha manjano na spiriti kidogo, mbali na moto, uchovye vipande vya karatasi nyeupe, kisha uvikaushe. Dondoshea kipande kimoja maji ya sabuni au ya magadi: njano hugeuka nyekundu ya kahawia. Kamulia ndimu juu yake: njano hurudi. Manjano ni kiashirio cha asidi na besi, na kila aliyefua kanzu yenye doa la mchuzi amekwisha kuliona jaribio hili bila kulijua.

Jambo lisiloonekana kwa macho ni kwamba katika besi kurkumini huvunjika pia. Katika maji yasiyo na protini za damu, yenye pH 7.2 na joto la nyuzi 37, ilipimwa mwaka 1997 ikaonekana kwamba asilimia 90 hivi hupotea kwa nusu saa. Protini za damu huipunguza kasi hiyo. Isitoshe, kurkumini hung'aa ikimulikwa kwa mwanga fulani na hushikamana na protini nyingi ovyo, kwa hiyo vyombo vya maabara vinavyotegemea rangi na mwanga huweza kudanganyika na kuonyesha kwamba imefanya kazi isiyoifanya. Mwaka 2017 kundi la wanakemia walipitia maandiko mengi juu ya kurkumini, wakasema hawakuona hata jaribio moja la watu, lenye kulinganisha na vidonge visivyo na dawa pasipo mgonjwa wala daktari kujua nani amepewa kipi, ambalo limefanikiwa.

Viungo vingine twaweza kuvipita upesi. Kapsaisini ya pilipili, katika utafiti wa mwaka 2006 huko Los Angeles, ilipunguza uvimbe wa panya. Lakini kwa mwanamume mnene kidogo kipimo hicho kingekuwa miligramu 400, mara tatu kwa juma, na watafiti wenyewe hawakumshauri mtu afanye hivyo. Kitunguu saumu ndicho kinachostahili heshima zaidi. Mwaka 2002 watafiti waliofanya kazi Shanghai, China, waliwalinganisha wagonjwa 238 na watu 471 wasio na ugonjwa, wakaona kwamba waliosema hula zaidi ya gramu 10 kwa siku za vitunguu vya jamii hiyo walipatwa na saratani ya tezi dume kwa karibu nusu ya wengine. Gramu 10 ni punje chache tu za kitunguu saumu! Hapa angalau dozi ni ya sufuriani. Udhaifu ni kwamba watu waliulizwa walichokula zamani, na mgonjwa hukumbuka kwa namna yake. Tena apendaye vitunguu saumu huenda hutofautiana na wengine kwa mengi. Ni dokezo jema, ila ni dokezo.

Watu walipojaribiwa

Mwaka 2014 ilitangazwa habari ya wagonjwa 199 wa Uingereza waliokwisha kuwa na saratani ya tezi dume. Theluthi mbili hivi walipewa kwa miezi sita vidonge vyenye manjano, komamanga, chai ya kijani na brokoli. Theluthi moja hivi vidonge vitupu. PSA ilipanda kwa asilimia 14.7 kwa wa kwanza na 78.5 kwa wa pili. Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini PSA ni nini? Ni protini itengenezwayo na seli za tezi dume. Ni moshi, si moto. Kitu kikizifanya seli zitoe PSA kidogo, moshi utapungua na moto huenda ukabaki palepale. Halafu vitu vinne vilichanganywa, basi nani ajuaye ni kipi kilichofanya kazi? Mwaka 2019 madaktari wa Korea Kusini waliijaribu kurkumini peke yake, miligramu 1,440 kwa siku kwa miezi sita, kwa wagonjwa waliopumzishwa matibabu ya homoni. Waliopanda PSA wakati wa kumeza vidonge walikuwa wachache zaidi, lakini muda wa mapumziko yao haukurefuka kuliko wa wenzao.

Hao wote walikuwa wagonjwa. Kwa watu wazima wasio na ugonjwa, hakuna kiungo cha jikoni kilichowahi kupitishwa katika jaribio kubwa la kukinga. Vitu vingine vimepitishwa, na kisa kimoja yafaa kila mwalimu wa sayansi akifahamu. Utafiti wa Finland uliohusu wavuta sigara 29,133 ulionyesha katika miaka ya 1990 kwamba waliopewa vitamini E walipata saratani ya tezi dume kwa theluthi moja pungufu. Ushahidi huo, uliotoka kwa binadamu na si kwa kioo, ulikuwa bora kuliko wowote walio nao manjano. Basi mwaka 2001 likaanzishwa jaribio liitwalo SELECT, katika Marekani, Kanada na Puerto Rico, la wanaume 35,533, ili kuhakikisha faida ya vitamini E na seleniamu. Vidonge vilisimamishwa mwaka 2008 kwa kuwa faida haikuonekana. Wanaume hao wakaendelea kufuatiliwa, na mwaka 2011 ikadhihirika kwamba waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliomeza vidonge vitupu. Kinga iliyotarajiwa ilikuwa imegeuka hatari.

Hakuna ubaya, basi?

Manjano ya mchuzi ni chakula, na wala hatuna neno nayo. Vidonge na unga wa kunywa kwa vijiko ni habari nyingine. Huko Italia na Marekani wameonekana watu waliopatwa na uvimbe wa ini baada ya kumeza vidonge vya manjano, baadhi yao vikiwa vimetiwa piperini makusudi ili kurkumini ipenye zaidi. Na huko Bangladesh ilitangazwa mwaka 2019 kwamba wafanyabiashara walikuwa wakiing'arisha manjano kwa kromati ya risasi, rangi ya njano iliyo sumu, hasa kwa ubongo wa watoto. Katika sampuli za sokoni, asilimia 47 zilikutwa na risasi. Serikali iliingilia kati, na kufikia mwaka 2021 risasi haikuonekana tena katika sampuli. Anayekula robo kijiko katika mchuzi na anayekunywa vijiko vitatu kila asubuhi hawapati sumu sawa, endapo unga wao umeghushiwa.

Ubaya mwingine tumekwisha kuutaja: kuchelewa. Mwanamume aliyepita miaka arobaini na mitano, hasa ambaye baba yake au ndugu yake alipata ugonjwa huu, yampasa azungumze na daktari juu ya kupimwa, hata kama hajisikii vibaya. Daktari atamweleza kwamba kipimo cha PSA nacho kina kasoro zake, kwa kuwa hugundua pia saratani za polepole ambazo zisingemdhuru. Mwenye damu katika mkojo, mkojo uliozuilika, au maumivu ya mgongo na nyonga yasiyokwisha, asingoje kumaliza chupa ya unga.

Zoezi

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia State, mjini Atlanta, waliwapa panya dondoo ya tangawizi, miligramu 100 kwa kila kilo ya uzito kila siku. Panya hao walikuwa wamepandikizwa seli za saratani ya tezi dume ya binadamu, na uvimbe wao ulipungua kwa asilimia 56 ukilinganishwa na wa panya wasiopewa. Kokotoa dozi ya mtu wa kilo 70 kwa kuzidisha moja kwa moja. Kisha ikokotoe tena kwa kanuni ya wanafamasia, ambao hugawanya dozi ya panya kwa 12 kabla ya kuzidisha kwa uzito wa mtu. (Majibu: gramu 7, na gramu 0.58 hivi.) Eleza, kwa kutumia uwiano wa eneo la ngozi na ujazo wa mwili, kwa nini panya huhitaji dawa nyingi zaidi kwa kila kilo kuliko binadamu. Mwisho, darasa lijadili: panya hawa walipewa tangawizi wakiwa wamekwisha kupandikizwa saratani, je, ungelipanga namna gani jaribio la kujua kama tangawizi huzuia saratani isianze, ungehitaji panya wangapi, na ungengoja muda gani?